Nyaraka za kubeba unapokwenda nchi nyingine na boti yako binafsi

Ukisafiri kwa ndege, nyaraka za ndege hazikuhusu. Ukisafiri na boti yako, zote ni mzigo wako. Mbele ya ofisa wa bandari ya ugenini wewe ni nahodha wa meli, hata kama meli yenyewe ina urefu wa mita 8 na mabaharia wake ni mkeo na wanao.

Anza na cheti cha usajili. Kwa Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982, chombo kina uraia wa nchi ambayo kina haki ya kupeperusha bendera yake, na cheti ndicho ushahidi wa haki hiyo. Beba cheti chenyewe, maana nakala hukataliwa mara nyingi. Hata hivyo, sisi tunaoshughulikia nyaraka hizi tunaona watu wakikwama zaidi kwa karatasi zisizokubaliana kuliko kwa karatasi zilizokosekana. Chukua boti iliyonunuliwa ikiwa imetumika, kisha ikabadilishwa jina: bima ina jina jipya, cheti kina la zamani, na redio bado inatuma namba ya MMSI, yaani namba ya kuitambulisha boti redioni, ya mwenye boti wa kwanza. Namba hiyo ina tarakimu 9, na 3 za mwanzo hutaja nchi ya bendera, kwa hiyo boti ikihamia bendera nyingine, namba nayo lazima ibadilike. Kifaa cha kutuma ishara ya dharura kwa setilaiti kikiachwa kwenye jina la muuzaji, siku ya balaa waokoaji watampigia simu yeye, naye amelala kwake. Tandaza karatasi zote mezani, uzilinganishe herufi kwa herufi.

Kama boti si yako au ni mali ya kampuni, uwe na barua ya mwenye mali inayokuruhusu kuitoa nje ya nchi. Bima nayo ina mipaka ya maji inayoyahusu. Soma ukurasa huo kabla ya kung'oa nanga.

Kwa watu, pasipoti pekee huenda isitoshe. Marekani, kwa mfano, wageni waliozoea kuingia bila viza kwa ESTA, kibali kinachoombwa mtandaoni, hawawezi kuitumia wakifika kwa boti binafsi. Wanahitaji viza kamili. Cheti cha kimataifa cha unahodha kinachotolewa kwa Azimio namba 40 la tume ya Umoja wa Mataifa ya uchumi wa Ulaya kinakubalika katika nchi kadhaa, si kila mahali.

Karatasi inayosahaulika kuliko zote ni kibali cha kuondoka katika bandari uliyotoka. Ndiyo huulizwa mapema bandari inayofuata, na zipo nchi zisizokitoa kwa boti binafsi mpaka ukiombe. Kiombe. Ukikaribia, pandisha bendera ya njano, ishara ya kuomba ruhusa ya kiafya ya kuingia. Kwa desturi nahodha hushuka peke yake na orodha ya waliomo, nakala kadhaa, wengine wakibaki botini hadi uhamiaji na forodha wamalize. Australia hutaka taarifa ya ujio mapema, kati ya siku 90 na saa 12 kabla ya kufika.

Kumbuka pia kwamba saa ya boti na saa yako hazihesabu pamoja. Boti iliyosajiliwa nje ya Umoja wa Ulaya, mali ya mtu asiyeishi humo, kwa kawaida inaruhusiwa kukaa miezi 18 bila kulipiwa VAT. Mwenye boti asiyehitaji viza ya Schengen, eneo la pamoja la nchi nyingi za Ulaya, ana siku 90 tu ndani ya kila siku 180. Wenye boti wengi huiacha gatini na kurudi kwao. Wakifanya hivyo, waombe gati iwape maandishi ya tarehe ya kuiacha, kwa sababu forodha watauliza.