Je, wajua kwa nini sayari hurukaruka ndani ya darubini mpya?

Mtu anaelekeza darubini yake ya kwanza kwenye Mshtarii, sayari ambayo wengi huiita Jupita. Ameambiwa ataona duara dogo jeupe na vidoti vinne vya miezi vimejipanga pembeni. Anachokiona ni mstari wa mwanga unaochezacheza, kama kijinga cha moto kinachopungwa gizani. Anagusa kigurudumu cha fokasi ili picha iwe kali, na mstari unazidi kuruka. Anaondoa mkono, anasubiri, sayari inatulia. Naam, duara hilo hapo! Lakini lina ukungu kidogo, kwa hiyo anagusa tena, na vurugu inaanza upya. Baada ya usiku mbili tatu za namna hiyo darubini inarudi kwenye boksi lake, na lawama zote zinaiangukia lenzi.

Lenzi haina kosa. Tatizo liko chini yake, kwenye stendi.

Tupige hesabu kidogo. Darubini ya lenzi inayopatikana sana kwa wanaoanza huwa na lenzi ya mbele yenye upana wa milimita 90 na urefu wa fokasi, yaani umbali kutoka lenzi hadi mahali picha inapokuwa kali, wa milimita 900. Ukiweka lenzi ya jicho, ile ndogo unayotazamia, ya milimita 10, unagawa 900 kwa 10 na kupata ukuzaji wa mara 90. Sasa, darubini haichagui cha kukuza. Mtikisiko nao unakuzwa mara 90. Bomba likiyumba kwa sehemu moja ya sitini ya digrii, ncha yake inakuwa imesogea kwa unene wa karatasi moja au mbili tu, na ukilitazama kwa nje hutaona kitu. Lakini jicho lililo kwenye lenzi linaona picha ikiruka digrii moja na nusu. Mwezi mpevu angani una upana wa nusu digrii, kwa hiyo hapo sayari imeruka upana wa Miezi mitatu.

Galileo, mwanaastronomia wa Italia, alilijua hili mapema. Januari 1610, mwezi uleule alioigundua miezi ya Mshtarii, aliandika barua akishauri bomba lifungwe mahali imara, kwa kuwa mkono wa mtu hutikiswa na mapigo ya mishipa na hata na pumzi. Na darubini yake ilikuza mara 20 tu hivi.

Darubini ya lenzi ina ugumu wa ziada kwa sababu ya umbo lake. Ni ndefu, na uzito wake umekaa kwenye ncha: lenzi nzito mbele, vifaa vya jicho nyuma. Mfikirie mtu aliyebeba mzega begani, ndoo huku na ndoo huku. Akigeuka ghafla, ndoo zinaendelea kwenda, kisha zinamvuta kurudi, kisha zinakwenda tena. Bomba refu hufanya vivyo hivyo juu ya stendi kila unapoligusa au upepo unapolisukuma. Mwanaastronomia Johannes Hevelius wa Danzig, mji ambao leo ni Gdańsk nchini Poland, alilifikisha jambo hili mwisho wake katika karne ya 17: alijenga darubini ya urefu wa mita 45 hivi, akaitundika kwa kamba kwenye mlingoti. Upepo mdogo ulitosha kuiyumbisha.

Kisha kuna suala la mahali pa kuweka jicho. Unatazama kwa nyuma ya bomba, kwa hiyo kadiri unavyolenga juu ndivyo lenzi ya jicho inavyoshuka kuelekea magotini. Mtu akichoka kuinama, anairefusha miguu ya stendi mpaka mwisho. Hapo ndipo anapojiharibia. Fimbo ikiwa ndefu mara mbili, nguvu ileile huipinda mara nane zaidi. Ikiwa nene mara mbili, ugumu wake unaongezeka mara 16. Hesabu hizo mbili zinakuambia karibu kila unachohitaji kujua kuhusu miguu ya stendi: tafuta unene kwanza, na urefu uutumie kwa ubahili. Kigoda cha kukalia kitakusaidia kuliko sentimita 30 za miguu iliyovutwa. Miguu ya chuma yenye mirija minene ni mizuri, na ya mbao ngumu ni mizuri pia, kwa sababu mbao humeza mtikisiko haraka. Ile myembamba ya alumini, inayoteleza sehemu moja ndani ya nyingine na kubanwa kwa vifungo vya plastiki, huendelea kulia kama uzi wa zeze.

Juu ya miguu kuna kichwa cha stendi, na hapa wanaoanza hugawanyika njia mbili. Kichwa cha aina ya kwanza huenda juu na chini, kushoto na kulia, basi. Cha aina ya pili huitwa cha ikweta: mhimili wake mmoja unalazwa sambamba na mhimili wa Dunia, ili mzunguko mmoja tu utoshe kuifuata nyota. Joseph von Fraunhofer, fundi wa lenzi wa Ujerumani, ndiye aliyekipa kichwa cha ikweta umbo linalotumika mpaka leo, kwenye darubini ya lenzi ya sentimita 24 iliyofungwa mwaka 1824 huko Dorpat, sasa Tartu nchini Estonia. Ilisukumwa na saa ya uzito unaoshuka, na kwa darubini hiyo mwanaastronomia Friedrich Georg Wilhelm Struve aliorodhesha nyota pacha, yaani mbili zinazoonekana karibu sana, zaidi ya 3,000. Ni kifaa cha heshima kubwa.

Hata hivyo, kwa mtu anayeanza na anayetaka kutazama tu, mimi humwambia achukue cha juu na chini. Kichwa kidogo cha ikweta kina maungio mengi, kila ungio lina ulegevu wake, na kinahitaji jiwe la kusawazisha ambalo ni mzigo juu ya miguu ambayo tayari ni myembamba. Walio karibu na ikweta wana shida nyingine: mhimili unatakiwa ulale karibu bapa, na vichwa vingi vidogo haviwezi kushuka kiasi hicho, au vikishuka jiwe linagonga mguu.

Sharti langu ni moja: kiwe na vigurudumu vya mwendo wa taratibu. Dunia huzunguka digrii 15 kila saa. Kwa ukuzaji wa mara 90 unaona kipande cha anga cha nusu digrii hivi, kwa hiyo sayari inakatiza dirisha lako kwa dakika mbili na kidogo. Lazima uisogeze darubini tena na tena. Kwa kigurudumu unaizungusha kidogo na sayari inarudi katikati. Kwa stendi ya kamera utaiweka katikati vizuri, ukaze skrubu, kisha kichwa kiiname chenyewe na sayari ipotee. Epuka pia uma mdogo unaolishika bomba kwa chini tu: ukilenga karibu na utosi wa anga, uzito unahamia nyuma na bomba linataka kuanguka. Na mtengenezaji akiandika kwamba stendi inabeba kilo 5, mimi huipa 3.

Namna ya kuijaribu stendi ni rahisi. Lenga nyota angavu, ligonge bomba kwa kidole kama mtu anayebisha hodi kwa adabu, kisha uhesabu sekunde mpaka nyota itulie. Sekunde moja au mbili ni stendi nzuri. Tatu zinavumilika. Zikifika tano au sita, huwezi hata kuweka fokasi sawasawa, maana picha inapotulia umeshasahau ilikuwaje kabla hujagusa.

Kama tayari unayo stendi dhaifu, usiitupe. Ifupishe miguu mpaka mwisho, kaza kila nati, weka raba laini chini ya kila mguu, ning'iniza mfuko wa mchanga katikati ya miguu, na usimame kwenye ardhi badala ya sakafu ya mbao. Na uanze na lenzi ya jicho ya milimita 25, yaani ukuzaji wa mara 36. Watu huidharau, lakini Mshtarii ikiwa karibu na Dunia, ukuzaji huo unaifanya ionekane karibu na ukubwa wa Mwezi unaouona kwa macho matupu, na miezi yake minne ipo pale pale.

Mtikisiko mwingine usiilaumu stendi. Ukiona dirisha zima linayumba pamoja, sayari na nyota zote kwa mpigo mmoja, hiyo ni stendi. Ukiona sayari imebaki mahali pake lakini kingo zake zinachemka kama kitu kinachotazamwa juu ya jiko la moto, hiyo ni hewa. Iache darubini ilivyo, ungoje sayari ipande juu zaidi, ambako mwanga wake unapita kwenye hewa kidogo.