Watu wa Nairobi tunaoenda Lamu, ugomvi hauanzii kwenye nguo

Kila ikikaribia Disemba simu za ofisini kwetu hapa Nairobi zinabadilika. Mwaka mzima watu wanauliza mambo ya vibali na magofu, lakini ikifika Novemba ni Lamu, Lamu, Lamu. Mmoja anauliza kama ni lazima mkewe avae buibui, mwingine anataka kurusha droni juu ya mji apate picha za harusi, mwingine amepata broka anamuuzia nyumba ya mawe kwa bei ya kutupa na anataka kujua kama anaweza kuongeza ghorofa moja juu, aweke makuti na Wi-Fi, aikodishe Airbnb. Kazi yangu ni urithi wa miji ya pwani, nimeifanya miaka mingi na sehemu kubwa ya miaka hiyo nimekaa Lamu kwenyewe, kwa hivyo nimeona niandike jibu moja refu, kwa sababu ukiyafuata maswali haya mpaka mwisho wote mnauliza kitu kimoja: mgeni ana haki ya kufika wapi.

Wengi wetu huku bara tunaamini wenyeji wa kisiwani wakikasirika ni kwa ajili ya nguo fupi na pombe tu. Nguo inaudhi, sitaki kudanganya mtu. Ukipita Usita wa Mui, ile njia kuu ya mjini, kifua wazi na kaptula ya kuogelea saa watu wanatoka kuswali Ijumaa, umewavunjia heshima na hilo halina utetezi. Ogelea Shela, kile kijiji cha ufuoni, utakavyo, ukiingia vichochoroni jifunge hata leso, basi. Lakini la nguo mzee atakwambia palepale, au atanyamaza tu, na kesho limekwisha. Linalokaa moyoni miaka ishirini ni lingine kabisa.

Mimi nilifundishwa mapema. Safari yangu ya kwanza ya kikazi nililala kwenye nyumba ya wageni iliyokuwa imeongezwa ghorofa, asubuhi nikapanda juu na kikombe cha chai nikatazame bahari, nikageuka upande wa pili na macho yangu yakaangukia moja kwa moja ndani kwa jirani, mama amekaa anamsuka binti yake, wote vichwa wazi. Walikimbia ndani. Jioni mume wake akaja, akanisalimu vizuri sana, akaniuliza habari za Nairobi, na kabla hajaondoka akanieleza kwa upole kwamba tangu ghorofa ile ijengwe watu wake hawajakaa nje mchana nyumbani kwao wenyewe. Ilikuwa miaka mitatu. Nilimwomba radhi na akanisamehe, lakini ghorofa ilibaki palepale.

Ili muelewe uzito wa jambo lile lazima mjue nyumba ya Lamu ilivyo. Imejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko, na mpango wake wote umekusudia sitara. Mbele kuna daka, ukumbi wa mlangoni, lenye baraza za mawe, hapo wanaume wanakaa wanapiga soga na mgeni asiyezoeleka anakaribishwa hapohapo. Ukivuka mlango wa nakshi unaingia tekani, ukumbi mdogo wa ndani, halafu njia inapinda makusudi ili mpita njia asione kitu hata mlango ukiachwa wazi. Baada ya hapo ndio unafika uwanja wa katikati usio na paa, wenyewe Waamu, watu wa Lamu, wanauita kiwanda, na vyumba vyote vinaangalia huko. Ukuta wa nje hauna madirisha ya maana, mwanga na upepo vinatoka juu. Kwa hiyo mama wa Kiamu akitaka jua, akitaka kuanika, akitaka kukaa na wanawe bila buibui, ana mahali pamoja tu, na mahali hapo pamefunikwa na mbingu peke yake. Wewe ukipandisha ghorofa ya makuti unywe juisi yako ya ukwaju ukitazama machweo, umeifungua nyumba yake kama mtu anayefunua sufuria.

Mji Mkongwe wa Lamu uliingia kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia mwaka 2001, na Gedi kule Kilifi imeingia 2024, lakini Gedi ni magofu, unakata tiketi unatembea unaondoka. Lamu thamani yake ni kwamba watu bado wanaishi ndani ya zile nyumba kwa mtindo uleule zilizojengewa. Watu wakihama mkabaki nyinyi na mapazia meupe, mji utakuwa umekwisha hata kama hakuna jiwe lililoanguka.

Kuna jambo broka hatakwambia, mara nyingi kwa sababu hata yeye halijui. Kwa desturi za familia za kale, hasa za mtaa wa Mkomani, binti akiolewa babake anampa nyumba au sehemu ya nyumba, na mume ndiye anayehamia. Ile wikio mnayosimama chini yake kupiga selfi, chumba kilichoruka kichochoro kikaunganisha nyumba mbili, mara nyingi ilijengwa kwa ajili hiyo, ili mama na binti wapitiane bila kushuka njiani. Sasa nyumba ikiuzwa kwa mtu wa Nairobi au wa Ulaya, kuna msichana fulani ambaye angeolewa mle na badala yake anakwenda kupanga chumba mtaa wa Langoni au huko nyuma Wiyoni, na kila siku akienda sokoni anapita mbele ya mlango wa bibi yake aliokuwa akiingia bila hodi, leo una kengele na mlinzi. Hakuna sheria aliyovunjiwa. Lakini msiseme hana sababu ya kununa.

Na niwe mkweli kwa upande wa pili pia. Hakuna aliyeshikiwa panga auze. Mwaka 2011 watalii walitekwa visiwa vya jirani vya Manda na Kiwayu, wageni wakakauka, halafu baada ya mashambulizi ya Mpeketoni, upande wa bara wa kaunti, mwezi wa sita 2014 kukaja kafyu na wavuvi wakazuiwa kuvua usiku, na mvuvi asiyevua usiku ni kama mwenye matatu aliyeambiwa asibebe abiria. Chokaa ya kupaka nyumba ya mawe ni ghali, boriti zikioza dari linakuja chini. Watu waliuza kwa shida. Wapo wageni walionunua nyumba zilizokuwa zinaanguka wakazitengeneza vizuri kwa mafundi wa palepale, kwa chokaa badala ya simenti, na mpaka leo mafundi wale wanawaombea dua. Simo kwenye kundi la wanaosema mgeni asinunue.

Halafu kuna maji, na hili watalii hawalijui kabisa. Yale matuta ya mchanga nyuma ya Shela mnayopanda kupiga picha ndiyo tangi la kisiwa. Mvua inanyesha, mchanga unainywa, maji matamu yanakaa chini yakielea juu ya maji ya chumvi ambayo ni mazito zaidi, na visima vya pale ndivyo vinavyonywesha mji wa Lamu. Ukivuta kwa kasi kuliko mvua inavyorudisha, chumvi inapanda, na kisima kikishaingia chumvi kukirudisha ni kazi ya miaka. Kwa hiyo kila ukuta unaojengwa juu ya matuta, kila choo kinachochimbwa pale na kila bwawa la kuogelea linalojazwa hatua mia moja kutoka baharini linahesabiwa na akina mama wanaonunua maji kwa mtungi. Wanahesabu kimya kimya, lakini wanahesabu.

Nije kwenye ardhi, na hapa sisi watu wa bara tunapaswa kusikiliza zaidi kuliko kusema. Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908 ilitaka kila mwenye madai ndani ya ule ukanda wa maili kumi wa pwani ajitokeze athibitishe kwa msajili, na ardhi ambayo haikudaiwa ikawa ya serikali ya mkoloni. Wengi hawakudai, kuna walioona ajabu kuombwa karatasi ya shamba la babu. Uhuru ulipokuja hiyo ardhi ikarithiwa na serikali mpya hivyohivyo. Wakati wa vita vya Shifta miaka ya 1960, vya waliotaka Kaskazini Mashariki ijitenge na Kenya, vijiji vya Wabajuni, wenyeji wa pwani hii ya kaskazini, upande wa bara vikahamwa, watu wakakimbilia visiwani, na wengi hawakurudi. Miaka ya 1970 serikali ikaanzisha mradi wa makazi wa Ziwa Kenyatta pale Mpeketoni ikawapa mashamba watu wasio na ardhi, wengi wao kutoka Mkoa wa Kati. Mwaka 2014 Rais Uhuru Kenyatta akaamuru hati za kampuni 22 zifutwe, karibu ekari 500,000, katika kaunti ambayo mvuvi wa kawaida hana hata karatasi ya mahali alipojenga banda lake. Mkiyapanga haya kwa mfuatano mtaelewa kwa nini ukisema tu "nimepata kaploti kazuri Lamu" uso wa mtu unabadilika. Hakuchukii wewe, ameshawahi kuona saveya.

Lakini nisisitize, mtoto aliyezaliwa Mpeketoni miaka arobaini iliyopita naye hana kwingine anakokuita nyumbani, na zaidi ya watu 60 waliuawa kule 2014. Anayetumia historia ya ardhi kuhalalisha damu asitumie maandishi yangu.

Bandari nayo inafundisha kitu. Mradi wa LAPSSET, wa bandari ya Lamu na njia za kuiunganisha na Sudan Kusini na Ethiopia, ulizinduliwa Machi 2012 na gati la kwanza likafunguliwa Mei 2021. Katikati hapo, mwaka 2018, Mahakama Kuu iliamua kwamba wenyeji hawakushirikishwa ipasavyo na kwamba haki yao ya utamaduni na ya mazingira safi ilikiukwa, ikaagiza wavuvi kama 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Mwaka uliofuata Jopo la Kitaifa la Mazingira (National Environment Tribunal) likafuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliopangwa kujengwa Lamu. Angalieni kilichokuwa kikilalamikiwa: mmeamua bila kutuuliza. Ni lalamiko lilelile la yule jirani aliyenijia jioni kwa ajili ya ghorofa, limekua tu likavaa suti likaenda kortini.

Watu wakiniambia Waamu hawapendi wageni huwa nawauliza kama wamewahi kwenda Maulidi. Mji unajaa mpaka watu wanalala barazani, wageni kutoka kila pembe ya Afrika Mashariki, na wanalishwa. Na sherehe yenyewe mzizi wake ni Msikiti wa Riyadha ulioanzishwa na Habib Swaleh, ambaye hakuzaliwa Lamu, alitoka visiwa vya Komoro. Naye hakupokelewa na wote. Wakubwa wa mji walimkasirikia kwa sababu alikuwa akiwasomesha watu wa chini, wakiwemo waliokuwa watumwa na watoto wao, na akakaa upande wa Langoni badala ya kukaa na waungwana. Mgeni alikuja akabishana na wenyeji kuliko mtalii yeyote atakavyowahi, na leo kaburi lake linazuriwa. Mimi huwa nalifikiria sana hilo. Alifundisha, alitibu wagonjwa, aliwazika watu na yeye akazikwa nao. Hakuja na geti.

Basi kwa wale mnaonipigia. Ufuo: Katiba ya 2010, kifungu cha 62, inasema ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma, kwa hivyo hoteli ikimfukuza mtoto wa Shela anayecheza mpira kwenye mchanga wa maji yaliyokupwa imekosea, na wewe mgeni wa hoteli ukiona sema. Picha: omba kwanza, hata kama ni mlango tu uko wazi, na droni msirushe juu ya viwanda vya watu, zile nyua za katikati, mshajua kwa nini. Asiye raia hapati umiliki wa kudumu, anapata kukodi kwa miaka isiyozidi 99, kifungu cha 65, na kampuni yenye hata hisa moja ya mgeni si kampuni ya raia, broka asikuzungushe.

Ukinunua nyumba ya mawe usitosheke na ndugu mmoja aliyekuja na hati. Nyumba hizi zinarithiwa kwa sheria ya Kiislamu, warithi wanaweza kuwa kumi, wengine Mombasa wengine Uarabuni, na dada mmoja ambaye hakuulizwa anatosha kukupeleka kwa Kadhi. Uliza pia kama ni wakfu. Mali ya wakfu haiuzwi, hairithiwi na haitolewi zawadi, hata muuzaji akiapa.

Na yule kijana wa ghorofa ya makuti, tulizungumza karibu saa nzima. Nilimwambia maombi ya kubadilisha jengo lolote ndani ya Mji Mkongwe yanaanzia kwa wahifadhi wa Makumbusho ya Taifa palepale Lamu na ofisi ya mipango ya kaunti, kabla fundi hajapanda ngazi, na kwamba hata akipata vibali vyote aende kwanza apige hodi nyumba zote nne zinazopakana naye, asubuhi, amevaa vizuri, aombe kuonyeshwa kiwanda kiko upande gani. Akaniuliza wakikataa je. Nikamwambia nyumba inakaa vizuri bila ghorofa ya tatu, imekaa hivyo kwa karne nyingi. Alinyamaza kidogo, halafu akaniomba nimtafutie mtu wa Mkomani wa kwenda naye.