Walimu wa kompyuta hukutana kuzungumzia majibu mabaya

Nimeulizwa tena, na safari hii aliyeuliza anaandika programu vizuri kuliko mimi: jumuiya ya walimu wa sayansi ya kompyuta ni ya nini hasa? Ukijua Python, lugha ya kuandikia programu, si unafundisha Python? Ukikwama, intaneti ipo. Akamalizia, kwa nia njema kabisa, kwamba pengine tunakutana ili kugawana slaidi.

Slaidi tunagawana, ndiyo. Nyingi hazifai. Tuendelee.

Tazama mistari hii mitatu:

x = 5
y = x
x = 7

y ni ngapi? Kwa mtaalamu hili hata si swali, na hapo ndipo taabu yake ya kufundisha inapoanzia. Darasani utapata wanaojibu 7, kwa sababu hisabati imewazoesha kwamba alama ya sawasawa ni ukweli wa kudumu: y ni x, basi x ikibadilika y inafuata. Utapata wanaodai kwamba baada ya mstari wa pili x imebaki tupu, maana kilichokuwa ndani kimehamia kwa y. Wapo pia ambao x yao inabeba 5 na 7 kwa pamoja. Hawa nawapenda kuliko wote. Hakuna aliyebahatisha. Kila jibu lina mantiki yake, na dawa ya huyu haimtibu yule. Ukirudia maelezo yaleyale kwa sauti kubwa zaidi, wa kwanza atatikisa kichwa kukubali, kisha ataondoka na imani yake nzima mfukoni.

Kujua kwamba y ni 5, kwa kuwa mstari wa pili huipa y thamani ya x ya wakati ule tu, ni ujuzi wa kuprogramu. Kutabiri, kabla hujaingia darasani, majibu mabaya yatakayotoka na kila moja linatokana na nini, huo ni ujuzi mwingine. Haupatikani kwa kuandika programu miaka ishirini. Nathubutu kusema miaka hiyo inaufifisha, kwa kuwa umeshasahau ulivyokuwa hujui. Na lugha ya kuprogramu haikuokoi: mwaka 1986 mtafiti Roy Pea alieleza makosa ya wanaoanza ambayo hayategemei lugha yoyote, na chini ya yote aliiona imani kwamba ndani ya mashine kuna akili iliyofichika inayoelewa nia ya mwandishi. Kwa hiyo ule ubishi wa tuanze na lugha ipi, mnisamehe, mimi hutumia muda huo kutafuta chai.

Sasa sehemu inayoniudhi zaidi, ile ya “ukikwama, intaneti ipo”. Mwalimu aliye peke yake hajui kwamba amekwama. Darasa likianguka, ana maelezo mawili tu mkononi: wanafunzi wa mwaka huu ni dhaifu, au mimi sifai. Hana namna ya kuyapima.

Mwaka 2001, kwenye ITiCSE, mkutano wa kimataifa wa ufundishaji wa kompyuta, uliofanyika Canterbury, Uingereza, kikundi kilichoongozwa na Michael McCracken kililinganisha wanafunzi 216 wa vyuo vikuu vinne. Walipewa kazi ya kuandika programu ndogo za kikokotoo, jambo ambalo walimu wao waliamini mtu aliyemaliza kozi ya mwanzo analiweza. Wastani ulikuwa 22.89 kati ya alama 110. Matokeo hayo yangebaki katika chuo kimoja, yangezikwa ofisini kwa mtu kama aibu yake binafsi. Yalipowekwa pamoja ilibidi maelezo yatafutwe kwingine.

Miaka mitatu baadaye kikundi cha Raymond Lister kikauliza swali la chini zaidi: je, wanaweza kuusoma msimbo, yaani mistari ya programu, ulioandikwa na mtu mwingine na kusema utatoa nini? Wengi walitetereka hata hapo. Tulikuwa tunawadai waandike kabla hawajaweza kusoma. Leo walimu wengi huanza na kufuatilia mstari kwa mstari kwa kalamu, au hutoa mistari iliyovurugwa ili ipangwe upya, mazoezi yanayoitwa mafumbo ya Parsons, yaliyochapishwa mwaka 2006. Hakuna kati ya haya lililohitaji waandika programu bora kuliko waliokuwepo. Yalihitaji walimu waliokubali kuonyeshana alama mbovu.

Nisije nikaipamba mno jumuiya hii. Uvumi nao husafiri humo, tena kwa kasi. Mwaka 2006 Saeed Dehnadi na Richard Bornat walisambaza andiko lililodai kwamba jaribio fupi, kabla ya somo la kwanza, linaweza kuwatenga watakaoweza kuprogramu na wasioweza kamwe. Tulilipenda sana. Lilitufariji: anayeanguka alizaliwa hivyo, mwalimu hana kosa. Bornat mwenyewe alilikanusha hadharani mwaka 2014, lakini bado nasikia likinukuliwa, na wanaolinukuu ni walimu. Mwaka 2016 Elizabeth Patitsas na wenzake walichambua mitawanyiko 778 ya alama za mwisho kutoka chuo kikuu kimoja cha Kanada. Ni asilimia 5.8 tu iliyoonyesha dalili ya vilima viwili, kimoja cha wanaoweza na kingine cha wasioweza, tunavyoapa kuviona kila muhula. Zaidi ya hapo, waliokuwa na imani ya kipaji cha kuzaliwa ndio walioelekea kuviona vilima hivyo kwenye michoro yenye utata. Kukutana hakutuponyi macho, basi. Wakati mwingine tunaambukizana.

Kuna jambo jingine linalonikera nisilo na jibu lake. Wanaohudhuria ni walewale, waliokwishashuku kwamba wanakosa kitu. Yule ambaye shule nzima haina mwalimu mwingine wa somo hili, anayeitwa pia printa ikigoma, ndiye anayetuhitaji kuliko wote, na ndiye mwenye nafasi ndogo ya kufika.

Ukifanikiwa kuja, beba swali moja la kusoma msimbo pamoja na karatasi za wanafunzi waliolijibu. Usizisahihishe kwanza. Wino mwekundu hufunika palepale tunapotaka kupaona: walipofuta, walipoandika 7 na kuikata, kisha wakaiandika tena.