Choa, mapunye na mba: kwa nini dawa hugoma, na ipakwe vipi

Kwa nini choa huchora duara?

Fangasi wa choa (Kenya wengi huita mashilingi) hula keratini, ile protini ngumu ya ngozi ya juu, nywele na kucha. Huanzia mahali padogo, kisha husambaa kuelekea nje huku mwili ukipambana nao kutoka nyuma. Ndiyo maana katikati ya duara huonekana pamepona, na ukingo umeinuka, una magamba na unawasha. Fangasi wako pale ukingoni, na wengine wameshatangulia kwenye ngozi inayoonekana nzima. Anayepaka dawa katikati tu anapaka pasipo na ugonjwa.

Basi dawa ipakwe vipi?

Osha, kausha kabisa, kisha paka doa lote na uvuke ukingo wake kwa sentimita 2 kila upande. Krimu ya klotrimazoli ya asilimia 1 au mikonazoli ya asilimia 2 hupakwa mara mbili kwa siku, wiki 2 hadi 4, na doa likishatoweka unaendelea wiki 1 au 2 zaidi. Terbinafini ya asilimia 1 hupakwa mara moja au mbili kwa siku, na kwa choa cha mwilini mara nyingi wiki 1 hadi 2 hutosha.

Tofauti hiyo ina sababu. Zote huzuia fangasi kutengeneza ergosteroli, mafuta yanayoshikilia utando wa seli yake. Sisi tunatumia kolesteroli, ndiyo maana dawa humwumiza yeye na kutuacha sisi. Lakini klotrimazoli na mikonazoli hasa humdumaza, wakati terbinafini humuua. Aliyedumazwa huamka ukiacha dawa mapema, na watu wengi huacha siku muwasho unapokoma.

Kiasi nacho kina hesabu. Krimu iliyokamuliwa kufunika pingili ya mwisho ya kidole cha shahada cha mtu mzima ni kama nusu gramu, na inatosha eneo la viganja viwili. Mara mbili kwa siku ni gramu 1, kwa hiyo tyubu ya gramu 20 ni ya siku 20. Mwenye madoa mgongo mzima akinunua tyubu moja, itamwishia kabla ya ugonjwa kuisha.

Mafuta ya Whitfield, yenye asidi ya benzoiki asilimia 6 na asidi ya salisiliki asilimia 3, ni ya bei nafuu na bado yanafaa. Hubambua tabaka la juu la ngozi pamoja na fangasi wake. Kwa sababu hiyo yasiguse uso, kinena wala palipochubuka: yataunguza. Kitunguu saumu kibichi kilichopondwa pia huunguza hadi malengelenge, na hakuna sababu ya kukijaribu.

Nilipaka krimu ya mchanganyiko, muwasho ukaisha siku ya pili, sasa madoa yamesambaa. Kulikoni?

Soma viambato kwenye boksi. Ukiona betamethasoni au klobetasoli, umepaka steroidi. Steroidi hunyamazisha kinga ya ngozi: wekundu unapungua, muwasho unatulia, na fangasi anabaki akila bila kusumbuliwa. Duara hupoteza ukingo wake, madoa huenea bila umbo, hata mtaalamu akiyatazama anaweza kudhani ni ugonjwa mwingine. Baadhi ya mikorogo ya kung'arisha ngozi ina steroidi hizo hizo, na mnunuzi haambiwi.

Hili ndilo kosa linalotuumiza zaidi, kwa kuwa mgonjwa amefanya juhudi na amelipa pesa yake. Kama umeitumia siku chache, acha na uanze krimu ya fangasi peke yake. Muwasho unaweza kurudi kwa nguvu siku za mwanzo, vumilia. Kama umeitumia miezi, nenda kituo cha afya kabla ya kuacha. Huko wanaweza kukwangua ukingo wa doa, kuloweka magamba kwenye potasiamu haidroksidi na kutafuta nyuzi za fangasi kwa hadubini.

Mapunye ya mtoto hayaponi kwa krimu. Tufanyeje?

Hayawezi kupona kwa krimu. Fangasi amejichimbia ndani ya unywele na shina lake, ambako krimu haifiki. Yanahitaji vidonge. Griseofulvini hutolewa kwa uzito, kwa kawaida miligramu 10 hadi 20 kwa kila kilo kwa siku, kwa wiki 6 hadi 8 au zaidi. Mtoto wa kilo 20 basi hupata miligramu 200 hadi 400, kama mwandikaji dawa atakavyoamua. Anywe pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta, maana tumbo tupu huifyonza kidogo sana. Mjamzito asiitumie.

Shampuu ya ketokonazoli ya asilimia 2, mara mbili kwa wiki, hupunguza mbegu zinazoambukiza wenzake lakini haitibu peke yake. Kichana, kofia na mashine ya kunyolea visichangiwe. Uvimbe laini unaotoa usaha kichwani usipasuliwe kama jipu. Mara nyingi ni fangasi yuleyule, na unataka vidonge hivyohivyo.

Na mba wa kifuani na mgongoni?

Huyu ni fangasi mwingine, Malassezia, anayeishi kwenye mafuta ya ngozi ya karibu kila mtu na kuzidi wakati wa joto na jasho. Haambukizi. Griseofulvini haimgusi, na vidonge vya terbinafini havimfai. Paka shampuu ya seleniamu salfaidi ya asilimia 2.5, iache dakika 10, suuza; rudia kila siku kwa siku 7. Rangi huchukua miezi kurudi. Kwaruza doa taratibu kwa ukucha: lisipotoa unga tena, fangasi ameondoka, usiongeze dawa.

Nistatini je?

Hiyo ni dawa ya kandida, fangasi wa aina nyingine, kama yule wa utando mweupe wa mdomoni. Choa na mapunye haivitibu.

Doa langu haliwashi kabisa. Nipake nini?

Usipake kitu kwanza. Funga macho, mtu aguse doa kwa ncha ya uzi wa pamba, kisha ngozi ya pembeni. Ukihisi pembeni na usihisi kwenye doa, nenda hospitali wiki hiyohiyo ukapimwe ukoma. Dawa zake hutolewa bure, na zikianza mapema mkono na mguu hubaki salama.