Uniti umepewa, kozi bado unadaiwa: alama za AP na IB katika shahada ya Marekani

AP ni mitihani ya kiwango cha chuo inayofanywa sekondari, yenye alama 1 hadi 5. Mwanafunzi mwenye 4 katika AP Physics 1 anaweza kupewa na chuo kikuu uniti, yaani vipimo vya masomo vinavyohesabiwa kuelekea shahada, kisha idara ya uhandisi ikamwambia aanze fizikia mwanzo. Hakuna aliyekosea. Uniti hutolewa na chuo. Sharti la shahada hufutwa na idara, na idara ina macho yake.

Kwa hiyo kila alama iulizie mambo matatu. Je, inaongeza uniti kwenye jumla ya kuhitimu, ambayo kwa kawaida ni 120 katika vyuo vya mihula miwili na 180 katika vyuo vya robo mwaka? Je, inakuvusha kozi ya kwanza uingie ya pili? Na je, inafuta sharti lililoandikwa, liwe la masomo ya jumla au la fani yako? Majibu yanaweza kuwa ndiyo, ndiyo, hapana.

Mfano huo wa fizikia una sababu. Physics 1 haitumii kalkulasi, na wahandisi wanadaiwa fizikia yenye kalkulasi. Uniti zake huangukia kwenye kozi za hiari, ambazo mhandisi ana nafasi chache za kuzitumia. Anayelenga uhandisi atazame Physics C, na akumbuke kuwa hiyo ni mitihani miwili: mekanika peke yake, umeme na usumaku peke yake. Kufaulu mmoja hakufuti kozi ya mwingine.

Viwango navyo havilingani. Mfumo wa University of California hutoa uniti kwa AP kuanzia 3, na kwa masomo ya IB (mtaala wa kimataifa wa sekondari, wenye alama 1 hadi 7) ya ngazi ya juu kuanzia 5; lakini alama hiyo inafuta sharti gani, kila kampasi na kila idara inaamua yenyewe. Vyuo vingine hudai 4 au 5, na vingi havitoi chochote kwa IB ya ngazi ya kawaida.

Halafu kuna kuhesabiwa mara mbili, kosa ninalolikuta mara nyingi kuliko yote. Katika AP, Calculus AB imo ndani ya Calculus BC, hivyo mwenye zote mbili hapati uniti za zote mbili. Vivyo hivyo, ukisajili chuoni kozi inayolingana na mtihani uliofaulu, uniti za mtihani kwa kawaida hufutwa. Aliyefanya BC na kupata alama ya chini asikate tamaa haraka: ripoti yake hubeba pia alama ndogo ya AB, na baadhi ya vyuo huipokea.

Utaratibu wenyewe ni mfupi. Fungua jedwali la alama katika katalogi ya mwaka ulioingia chuoni, si ya mwaka huu kama ni tofauti. Kisha fungua ukurasa wa idara yako, maana jedwali la chuo halisemi yote. Kwa alama za AP, agiza College Board, shirika linaloendesha mitihani hiyo, itume ripoti rasmi. Transkripti ya sekondari yenye alama hizo haitoshi, wala picha ya skrini. Kila mwaka unaofanya mtihani unaruhusiwa kutuma ripoti moja bure ukichagua chuo kabla ya tarehe ya mwisho ya mwezi Juni. Baada ya hapo unalipia. Alama zisipoonekana, anza na jina na tarehe ya kuzaliwa: herufi moja ikitofautiana na rekodi za chuo, ripoti hukaa bila mwenyewe. Zikiingia, kagua ripoti ya maendeleo ya shahada uone zimewekwa mstari upi, na ufanye hivyo kabla ya kusajili kozi.

Kuruka kozi au kutoruka? Omba mtihani wa mwisho wa zamani wa kozi unayotaka kuiruka, uufanye bila daftari. Ukikwama katikati, chukua kozi, hasa kama inayofuata imejengwa juu yake.

Wanaolenga udaktari wachunguze zaidi: baadhi ya shule za tiba hazipokei AP badala ya biolojia au kemia ya lazima, au hutaka kozi ya juu zaidi ya somo hilohilo. Na anayehama chuo atume alama upya. Chuo kipya hutathmini alama zenyewe, hakinakili uamuzi wa kile cha kwanza.