Kwa nini nahangaikia kikinza kuliko ncha

Wanaoanza kazi ya kathodi baridi, yaani chanzo cha elektroni kisichohitaji kuchemshwa, huniuliza swali lilelile: ncha iwe kali kiasi gani? Ukali si tabu. Charles Spindt alituonyesha njia mwaka 1968, akiwa Stanford Research Institute, California. Juu ya silikoni kuna oksidi ya mikromita 1 hivi, na juu yake geti, yaani filamu ya metali ya molibdeni yenye vishimo vya upana kama huo. Bamba linazungushwa huku mvuke wa alumini ukija kwa ubavu, ukae mdomoni mwa vishimo bila kufika chini. Kisha mvuke wa molibdeni unashushwa wima. Hapa ndipo napapenda: kadiri molibdeni inavyorundikana juu, mdomo wa shimo unafumba, na kinachopita kinaangukia duara dogo zaidi na zaidi. Mdomo ukiziba, koni chini imeshachongoka, na hakuna aliyeshika patasi. Yeyusha alumini kwa kemikali, kifuniko kinabanduka.

Kwenye ncha nyembamba namna hiyo uga wa umeme hukolea mno, hata volti mia moja hivi za geti zikatosha kutoa elektroni bila kuchemsha chochote. Zinapenya ukuta wa nishati badala ya kuuruka. Wanafizikia Fowler na Nordheim waliandika hesabu yake mwaka 1928, na hesabu hiyo ndiyo inayoninyima usingizi. Kwa molibdeni, uga ukiwa volti 5 kwa nanomita, ongeza asilimia 10 tu: mkondo unapanda zaidi ya mara tatu. Basi kati ya koni elfu, chache zilizochongoka kuliko nyingine hubeba karibu mzigo wote. Zinapata moto, moja inalipuka, geti linapiga shoti na kathodi. Safu nzima kwisha.

Ndiyo maana chini ya koni naweka tabaka la silikoni isiyo na fuwele, liwe kikinza, yaani kizuizi cha mkondo. Tuseme kila koni ina megaomu 10: ikitoa mikroampea 1 inapoteza volti 10, kwa hiyo yenye pupa inajipunguza yenyewe. Kwa skrini, dawa hii inafaa sana. Kwa vikuza mawimbi vya mikrowevu ni balaa, maana kikinza hicho huchelewesha mawimbi.

Na gesi iliyobaki kwenye ombwe, yaani ndani ya chombo kilichonyonywa hewa ambamo koni hufanya kazi? Elektroni huigeuza ioni, nazo hurudi kuigonga ncha. Niliwahi kuunguza safu nzuri kwa haraka zangu. Siku hizi naoka chombo usiku kucha, halafu napandisha volti tano tano, jicho kwenye ameta.