DNA haigeuki kuwa protini: seli inavyosoma maagizo yake

Kwenye twisheni huku Nyakato, Mwanza, kila mwaka nakutana na sentensi ileile kwenye madaftari: "DNA hubadilika kuwa protini." Haibadiliki. Hata ndani ya kiini cha seli haitoki. Ichukulie kama hati ya kiwanja chako cha Buswelu: umeifungia sandukuni, na ofisi ikiitaka unapita steshenari kutoa kopi. Kinachozungushwa mjini ni kopi.

Kopi ya seli inaitwa RNA mjumbe, na kazi ya kuitoa inaitwa unukuzi. Kimeng'enya RNA polimerasi hutenganisha nyuzi mbili za DNA pale penye jeni inayotakiwa tu, yaani kipande chenye maagizo ya protini husika, kisha hupita juu ya uzi mmoja kikipanga besi, yaani herufi za maagizo, zinazooana nao: penye G huweka C, penye C huweka G, penye T huweka A. Penye A huweka U, si T, na hapo ndipo maksi nyingi hupotea. Nakala hiyo bado ina vipande visivyohitajika. Hukatwa, vilivyobaki huungwa, ndipo inatoka kupitia vitundu vya kiini.

Mfano wa kutumia tunao hapahapa. Kanda ya Ziwa ina wagonjwa wengi wa selimundu, ugonjwa unaotokana na jeni ya beta-globini, sehemu ya himoglobini inayobeba oksijeni kwenye damu. Nakala ya jeni hiyo, kuanzia mahali inapoanza kusomwa, ni hii:

AUG GUG CAU CUG ACU CCU GAG GAG

Nafasi nimeziweka mimi. Ribosomu, mashine ya seli inayounga protini, haizioni, yenyewe inaanzia AUG na kuhesabu tatu tatu, ndiyo maana herufi moja ikidondoka, kila kitu kinachofuata kinasomeka kingine. Kila tatu ni kodoni. Herufi nne zikipangwa tatu tatu zinatoa kodoni 64: 61 zinataja asidi amino, vipande vinavyoungwa kuwa protini, ambazo ziko 20, kwa hiyo nyingi zina kodoni zaidi ya moja. Tatu zilizobaki, UAA, UAG na UGA, zinasema "ishia hapa".

Anayeleta asidi amino ni RNA mchukuzi. Pale Mwaloni, Kirumba, mchukuzi hubeba gunia lolote la dagaa mradi mmeelewana bei. Huyu wa kwenye seli hachanganyi: upande mmoja ana besi tatu zinazooana na kodoni, upande mwingine amebeba asidi amino aliyopangiwa, hiyo tu. Ribosomu inaunga mzigo wake na wa aliyetangulia, inasogea kodoni moja, anaingia mwingine. Huo ndio ufasiri. Methionini ya mwanzo, iliyoletwa na AUG, hukatwa baadaye, na mnyororo wa beta-globini unabaki na asidi amino 146.

Sasa rudi kwenye GAG ya kwanza. Ukishaitoa methionini, inataja asidi amino ya sita: asidi glutamiki. Kwa mwenye selimundu, uzi wa DNA unaonukuliwa una A mahali pa T, nakala inatoka GUG, na ribosomu inaweka valini. Ribosomu haijakosea, imesoma kilichoandikwa. Vernon Ingram ndiye aliyeonyesha, mwaka 1957 huko Cambridge, Uingereza, kwamba tofauti nzima ni hiyo asidi amino moja. Ila asidi glutamiki ina chaji na hupatana na maji, valini huyakimbia. Himoglobini ikishaachia oksijeni, valini hiyo hujichomeka kwenye himoglobini ya jirani, zinashikana kuwa nyuzi ndefu, na seli inapinda kama mundu. Aliyelipa ugonjwa huu jina la Kiswahili alitufundishia nusu ya somo.

Mwanafunzi mmoja aliniuliza kwa nini seli iliyopinda isitengeneze himoglobini nyingine. Haiwezi. Chembe nyekundu ya binadamu hutoa kiini chake ikiwa bado kwenye uboho wa mifupa, na inapokomaa ribosomu nazo zimekwisha. Inazunguka miezi kama minne na himoglobini iliyotengenezewa huko. Iliyopinda huwahi kufa, mara nyingi ndani ya wiki tatu. Samaki hawako hivyo. Ukipata hadubini, chukua tone la damu ya sato mbichi, lipake jembamba kwenye kioo na kulitia rangi: kila chembe nyekundu ina doa katikati. Doa hilo ni kiini.